Kujenga Injini ya Mvuke kwa Matofali ya Kuchezea: Kuanzia Gurudumu hadi Pistoni

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki: kwa nini magurudumu yanakwama, kwa nini injini inaruka reli kwenye kona, kwa nini konrodi (ufito unaounganisha gurudumu na pistoni) inagonga pini, na je, inawezekana kweli pistoni zikaenda mbele na nyuma kama za injini halisi. Jibu la swali la mwisho ni ndiyo, tena bila gundi na bila kukata kipande chochote. Mwongozo huu unajibu hayo mengine kwa kukuongoza kujenga injini moja ndogo ambayo magurudumu yake sita makuu yanaunganishwa kwa fito, na fito hizo zinavuta pistoni mbili zinazoonekana kwa nje.

Kielelezo nilichokichagua ni injini ya tangi ya mpangilio wa 2-6-2, yaani yenye magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa katikati na mawili madogo nyuma. Kenya and Uganda Railways walikuwa na injini za namna hiyo zilizoitwa ED1, ambazo baadaye East African Railways waliziita daraja la 11. Sababu ya kuichagua ni ya kiufundi zaidi kuliko ya mapenzi: haina behewa la pili la maji na makaa, umbali kati ya ekseli zake kuu ni mfupi kiasi cha kupita kwenye kona kali za reli za kuchezea, na ufito mmoja wa kawaida unatosha kuunganisha ekseli zake zote tatu upande mmoja. Wengi huanza na injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zile zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima, kwa kuwa wamewaona Mount Gelai na Mount Shengena katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi wakavutiwa. Garratt ni injini mbili zilizobeba boila moja. Ukishaweza kujenga moja inayotembea vizuri, basi utaweza kujenga mbili. Kabla ya hapo utakuwa unazidisha tatizo mara mbili.

Vipimo vyote hapa vinatolewa kwa vinundu, yaani vile vitufe vilivyo juu ya tofali. Umbali kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8, na matundu ya vipande vya Technic, yaani vile vya Lego vyenye matundu ya pini na ekseli, hufuata umbali huohuo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usianze kujenga ukiwa na nusu ya vipande kwa matumaini ya kuvipata vingine njiani, kwa sababu katika kazi hii kipande kimoja kilichobadilishwa huhamisha vipimo vya vingine vyote. Andaa vifuatavyo:

- Magurudumu makubwa sita ya injini, yenye tundu la msalaba katikati na tundu la pini pembeni. Manne yawe na ukingo na mawili yawe kipara, yaani bila ukingo. Magurudumu ya Lego ya aina hii, yaliyotoka kwa mara ya kwanza na seti ya Emerald Night mwaka 2009, yana kipenyo cha takriban milimita 30.
- Magurudumu madogo manne ya treni pamoja na ekseli zake, kwa ajili ya mabogi (vigari vidogo vinavyoyumba kwenye kona) ya mbele na nyuma.
- Matofali ya Technic ya vinundu 16 kwa ajili ya fremu, pamoja na mafupi ya kuirefusha mbele na nyuma.
- Fito mbili za matundu 11 na nyingine mbili za matundu 9.
- Viunganishi viwili vya pembe vyenye namba 1 iliyochongwa juu yake. Hivi ndivyo vitakavyokuwa vitelezi, yaani kipande kinachounganisha konrodi na fimbo ya pistoni.
- Ekseli za urefu mbalimbali, zikiwemo mbili za vinundu 5 kwa ajili ya fimbo za pistoni.
- Pini zisizo na msuguano. Za kawaida za rangi ya kijivu huzunguka kwa urahisi, ilhali nyeusi zina mistari inayobana. Rangi hizi si pambo, na nitazirudia baadaye.
- Bushi nzima na nusu (vipete vya kushika ekseli mahali pake), gia mbili za pembe (moja ya meno 12 na nyingine ya meno 20), mota moja na kasha la betri.
- Reli za kutosha kufanya duara zima. Kona za kawaida za Lego ni vipande 16 kwa duara, na nusu kipenyo chake ni vinundu 40, sawa na milimita 320.

Ukitumia matofali ya watengenezaji wengine kwa ajili ya nafuu ya bei, yatumie kwenye umbo la juu. Kwenye magurudumu, pini na fito, tofauti ndogo ya ukubwa wa tundu inatosha kuikwamisha injini nzima.

Kama una kompyuta, programu ya Studio ya BrickLink hutolewa bure na hukuwezesha kupanga injini yote kabla ya kununua chochote. Itumie kwa kuhesabu vipande na kupima nafasi, lakini usiitumie kama ushahidi kwamba injini itatembea, kwa sababu kwenye skrini hakuna msuguano wala uzito.

Chagua gurudumu kwanza, kisha uwiano

Mtu anayetaka kunakili injini fulani halisi hukimbilia kupima boila na kibanda cha dereva. Fanya kinyume. Umbo la juu unaweza kulinyoosha au kulipunguza utakavyo, lakini magurudumu huuzwa kwa ukubwa michache tu, kwa hiyo ndiyo yanayoamua uwiano. Gawanya kipenyo cha gurudumu halisi kwa kipenyo cha gurudumu ulilonalo. Injini za daraja la 29 zilizojengwa na North British Locomotive wa Glasgow, ambazo mojawapo ni ile ya namba 2921 iliyoko makumbusho ya Nairobi, zilikuwa na magurudumu makuu ya futi 4, yaani milimita 1,219. Ukigawanya kwa 30 unapata takriban 40, kwa hiyo kila kitu kingine kwenye injini hiyo kitagawanywa kwa 40.

Kwa uwiano huo reli zenyewe hazitalingana. Nafasi kati ya reli za kuchezea ni takriban milimita 37.5, ambayo ukiizidisha kwa 40 unapata milimita 1,500, wakati reli ya zamani ya Afrika Mashariki ni ya milimita 1,000. Injini yako ya reli ya mita moja itaonekana kana kwamba imehamishiwa kwenye SGR, na hakuna la kufanya. Kubali hivyo uendelee. Jicho la mtazamaji hufuata fito zinazozunguka wala halipimi reli.

Hatua za ujenzi

1. Pima tundu la pini la gurudumu. Chukua gurudumu moja na upime umbali kutoka katikati ya tundu la msalaba hadi katikati ya tundu la pini. Pistoni itatembea mara mbili ya umbali huo. Katika mwongozo huu ninachukulia kwamba umbali ni kinundu kimoja, kwa hiyo pistoni inatembea vinundu 2. Ikiwa gurudumu lako lina kipimo tofauti, badilisha hesabu za hatua ya 6 na ya 7 kabla hujaendelea.

2. Jenga fremu. Panga matofali mawili ya vinundu 16 sambamba na uyaunganishe kwa mabamba juu na chini. Matofali haya yana matundu 15. Ekseli zipite kwenye tundu la 3, la 8 na la 13, ili kuwe na vinundu 5 kutoka ekseli hadi ekseli. Upana wa fremu usikadirie kwa macho. Weka jozi ya magurudumu kwenye ekseli, iweke juu ya reli, kisha hakikisha kwamba fremu inakaa kati ya magurudumu ikiwa na mwanya mdogo kila upande. Nafasi inayobaki jazia kwa bushi nusu, lakini usizibane: ekseli inapaswa kucheza kidogo sana kushoto na kulia.

3. Weka magurudumu kwa mpangilio sahihi. Ekseli ya mbele na ya nyuma zipate magurudumu yenye ukingo, na ya kati ipate ya kipara. Sababu yake ni hesabu rahisi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna vinundu 10, yaani milimita 80. Injini ikiwa kwenye kona ya milimita 320, reli iliyo chini ya ekseli ya kati inakuwa imesogea pembeni kwa milimita 2.5. Gurudumu lenye ukingo haliwezi kuvumilia hilo, litapanda reli, ilhali la kipara litateleza juu yake bila shida. Hapa pia ndipo utakapoona kwa nini injini ya magurudumu manane ni ngumu zaidi: kwa umbali huohuo wa vinundu 5 kila ekseli, ekseli ya kwanza hadi ya mwisho inakuwa milimita 120 na msogeo katikati yake unakuwa takriban milimita 5.7.

4. Panga robo mzunguko. Hatua hii usiipite kwa haraka. Tazama injini kutoka upande wa kulia na uzungushe magurudumu hadi matundu yote matatu ya pini yaelekee mbele. Sasa nenda upande wa kushoto. Matundu ya kushoto yanapaswa kuelekea juu, yote matatu. Yasielekee mbele kama ya kulia, wala nyuma. Katika injini halisi mpangilio huu ulihakikisha kwamba pistoni ya upande mmoja inapofika mwisho wa safari yake na kukosa nguvu ya kusukuma, ya upande wa pili iko katikati na inasukuma kwa nguvu zote. Ndiyo maana injini ya silinda mbili hutoa pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Katika injini yako, mpangilio huu unazuia fito kujikunja na kukwama zinapofika usawa wa ekseli. Bahati nzuri ni kwamba ekseli za Technic zina umbo la msalaba, kwa hiyo zinakubali nafasi nne tu na robo mzunguko inapatikana kamili bila kipimo.

Kosa la kawaida: kuweka ekseli mbili sawasawa na ya tatu ikiwa imepishana kwa nafasi moja. Fito zitaingia upande mmoja, upande wa pili zitakataa, na mjenzi atalazimisha. Zikikataa, usilazimishe. Toa magurudumu ya upande huo na uyapange upya.

5. Funga fito unganishi, kisha simama. Weka ufito wa matundu 11 kila upande, ukitumia tundu la 1, la 6 na la 11. Kwenye gurudumu la mbele na la nyuma tumia pini fupi isiyo na msuguano, ambayo haijitokezi nje ya ufito. Kwenye gurudumu la kati tumia pini ya vinundu 3, kwa sababu hiyo itabeba pia konrodi.

Sasa iweke fremu juu ya reli, inua upande mmoja wa reli kwa kitabu chembamba, na uiachie. Inapaswa kuteremka yenyewe, polepole, bila kusita mahali popote pa mzunguko. Kama inasita, usiongeze kitu kingine chochote hadi uijue sababu. Injini nyingi zinazokwama zikiwa zimekamilika zilikuwa zimekwama tangu hapa, ila mota iliongezwa ili kuficha tatizo, na mota yenye nguvu ikikutana na fito zilizokwama huzunguka huku ikitafuna gia.

6. Tengeneza konrodi na kitelezi. Ufito wa matundu 9 ndio konrodi. Tundu lake la nyuma livalishe kwenye ile pini ndefu ya gurudumu la kati, nje ya ufito unganishi. Tundu lake la mbele liunganishe kwa pini isiyo na msuguano na kiunganishi cha pembe namba 1, kisha ingiza ekseli ya vinundu 5 kwenye tundu la msalaba la kiunganishi hicho. Kiunganishi kimekuwa kitelezi na ekseli imekuwa fimbo ya pistoni.

Hesabu zake ni hizi. Konrodi ina urefu wa vinundu 8 kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho. Pini ya gurudumu la kati ikiwa nyuma kabisa, kitelezi kinakuwa vinundu 7 mbele ya ekseli ya kati. Ikiwa mbele kabisa, kinakuwa vinundu 9. Pini ya gurudumu la mbele nayo inasogea pamoja nacho, ikibaki vinundu 3 nyuma yake, kwa hiyo havitagongana kamwe. Ukitumia ufito wa matundu 7 umbali huo unapungua hadi kinundu 1, na hapo ndipo wengi husikia ule mlio wa kugonga kila mzunguko.

7. Jenga silinda na uziweke kwenye mstari. Silinda ianze vinundu 11 mbele ya ekseli ya kati na iishie vinundu 15. Haiwezi kuanza nyuma zaidi ya hapo, kwa kuwa pua ya kitelezi kikiwa mbele hufika vinundu 10 na nusu. Ndani yake weka matofali mawili yenye tundu la mviringo, yakifuatana, ili fimbo ya pistoni iongozwe na matundu mawili na siyo moja. Kitelezi kikiwa nyuma kabisa, bado kinundu kimoja na nusu cha fimbo kitakuwa ndani, nacho kinatosha.

Jambo linaloamua kama hatua hii itafaulu ni kimo. Katikati ya tundu la silinda iwe sawasawa na katikati ya ekseli za magurudumu makuu, na ukitazama kutoka juu, fimbo ya pistoni iwe sambamba na fremu na katika mstari mmoja na konrodi. Tofauti ya unene wa bamba moja tu, yaani milimita 3.2, itafanya fimbo ivutwe pembeni na kuota msuguano. Kwa sababu hiyo silinda nyingi hujengwa zikiwa zimelalia upande, vinundu vikielekea nje, ambapo ni rahisi kusogeza tundu kwa nusu kinundu.

Katika injini halisi mvuke husukuma pistoni na pistoni ikazungusha gurudumu. Kwako mambo ni kinyume: gurudumu ndilo linaloburuta pistoni. Ndiyo maana kila msuguano mdogo ndani ya silinda unarudi kwenye mota kama mzigo.

8. Ongeza wenzo wa valvu, ukitaka. Injini nyingi za karne ya 20 zilitumia mfumo wa Walschaerts, uliobuniwa na Mbelgiji Egide Walschaerts mwaka 1844, wenye wenzo na fito nyingi juu ya silinda. Kuunakili wote kwa ukubwa huu kunahitaji krenki (mkono mfupi) ndogo iliyofungwa kwenye pini ya gurudumu bila kuzunguka, na kwa kuwa tundu la pini ni la mviringo, krenki hiyo inashikiliwa na msuguano peke yake na hatimaye huteleza. Ushauri wangu ni kwamba injini ya kwanza iwe na wenzo mmoja tu unaoning'inia kutoka juu ya silinda, ncha yake ya chini ikiunganishwa na kitelezi kwa kiungo kifupi chenye pini mbili. Usiunganishe wenzo na kitelezi moja kwa moja, kwani kitelezi kinakwenda kwa mstari ulionyooka na ncha ya wenzo inakwenda kwa tao. Hicho kiungo kifupi ndicho kinachosuluhisha tofauti hiyo. Ukiutazama kwa mbali wakati injini inatembea, wenzo huo mmoja unatoa sehemu kubwa ya uhai wa mfumo mzima.

9. Weka mabogi. Bogi la mbele lina jozi moja ya magurudumu madogo kwenye mkono unaoegemea pini karibu na ekseli kuu ya mbele. Swali ni liwe mbali kiasi gani, na hapa uzuri na kona vinagombana. Likiwa vinundu 9 mbele ya ekseli ya kati, yaani kati ya gurudumu kuu na silinda, litayumba takriban milimita 5.7 kila upande kwenye kona ya vinundu 40, na litapita bila kugusa kitu. Likiwa chini ya silinda, vinundu 13, ambako ndiko injini nyingi halisi zilikoliweka, litayumba karibu milimita 15, na hakuna silinda ya ukubwa huu itakayolipisha. Kwa kona za kawaida, basi, chagua vinundu 9 na uvumilie kwamba pua ya injini imekaa wazi kidogo. Kama una nafasi nyumbani na unaweza kupata kona pana za watengenezaji wengine zenye vinundu 104, msogeo huohuo wa chini ya silinda unashuka hadi kama milimita 5.5, na hapo unaweza kufuata injini halisi bila wasiwasi.

Bogi la nyuma ni rahisi, kwani hakuna silinda ya kukwepa. Yote mawili yaruhusiwe kupanda na kushuka kidogo. Bogi lililobanwa kwa kimo hubeba uzito wa injini na kuyaacha magurudumu makuu yakizunguka bure.

10. Weka mota na gia. Mota ikae nyuma, ndani ya kibanda cha dereva na sanduku la makaa, ikizungusha ekseli ya nyuma kupitia gia ya meno 12 kwenye mota na ya meno 20 kwenye ekseli. Mota inayozunguka mara 300 kwa dakika itaizungusha ekseli mara 180, na kwa gurudumu la milimita 30 na uwiano wa 1:40 huo ni mwendo wa takriban kilomita 41 kwa saa kwa injini halisi. Mwendo huo ni mkubwa kwa injini ya kupanga mabehewa yadini. Punguza umeme hadi nusu ndipo konrodi zionekane vizuri. Injini inayokimbia sana huficha kazi yote uliyoifanya kwenye hatua ya 6.

Kasha la betri ni pana mno kwa injini ndogo. Lile la Powered Up, mfumo wa mota wa Lego, hutumia betri sita za AAA, na mahali pake pazuri ni ndani ya behewa la mizigo linalofuata, waya ukipita juu ya kiunganishi ukiwa na ulegevu wa kutosha kwenye kona. Njia nyingine ya mwanzo ni kuacha injini bila mota na kuweka mota ya treni chini ya behewa hilo, ili behewa liisukume injini. Njia hii hufanya kazi ikiwa tu injini yako ilifaulu jaribio la hatua ya 5.

11. Vika umbo. Boila, matangi ya pembeni, dohani, kibanda na sanduku la makaa vijengwe kama kifuniko kimoja kinachotoka kwa kuvutwa juu, ili uweze kufikia gia bila kubomoa injini. Upana wa vinundu 8 unafaa. Matangi yasishuke chini ya usawa wa juu wa magurudumu, kwani fito unganishi zikiwa juu hupanda kinundu kimoja juu ya ekseli na mtu hulisahau hilo hadi zigonge. Kama una vipande vizito, viweke juu ya magurudumu makuu, si kwenye pua.

Tahadhari chache zaidi

Usipake grisi wala mafuta ya petroli kwenye pini au ekseli, kwa kuwa yanaweza kudhoofisha plastiki hadi ikapasuka. Kilainishi kikavu cha silikoni ni salama zaidi, lakini injini iliyopangwa vizuri haihitaji kulainishwa.

Kumbuka kwamba konrodi na silinda zinatokeza nje ya umbo la vinundu 8. Kabla ya kujenga stesheni au handaki, ipitishe injini kwenye kona huku umeshika kipande cha karatasi nene pembeni ya reli, ili ujue inahitaji nafasi gani. Vipande vya pini ni vidogo. Visiachwe sakafuni kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Injini ikigoma

*Inasita mara moja katika kila mzunguko.* Tafuta pini nyeusi. Moja tu iliyoponyoka kati ya za kijivu inatosha. Kama hakuna, ondoa konrodi ya upande mmoja ujaribu, kisha ya upande wa pili. Ikitembea vizuri baada ya kuondoa konrodi, tatizo ni kimo cha silinda ya upande huo.

*Inasita mara mbili katika kila mzunguko, upande huohuo.* Ufito unganishi unabanwa unapofika usawa wa ekseli. Ama ekseli moja imesogea tundu, ama bushi zimebanwa mno na fremu imejikunja kidogo. Legeza bushi kwanza.

*Inatembea vizuri mbele lakini si nyuma.* Gia zinasukumana. Mota haijafungwa imara na inainuka inapogeuza mwelekeo. Ifunge kwa mabamba juu na chini.

*Magurudumu yanazunguka, injini haiendi.* Bonyeza injini kwa kidole juu ya ekseli ya nyuma. Ikianza kwenda, bogi ndilo linalobeba uzito. Liongezee nafasi ya kupanda juu. Isipoenda, ongeza uzito, au tumia magurudumu yenye mfereji wa kuvalisha mpira kwenye ekseli inayozungushwa na mota.

*Injini inayosukumwa na behewa inaburuta magurudumu bila kuyazungusha.* Msuguano ndani ya silinda umezidi mshiko wa magurudumu kwenye reli. Toa fimbo za pistoni, zisukume kwa mkono ndani ya matundu yake, na utafute tofali ambalo tundu lake halijalingana na la mwenzake.

*Inaruka reli kwenye kona, mbele kwanza.* Mkono wa bogi umefika mwisho wa nafasi yake. Iendeshe kwa mkono polepole kwenye kona huku ukitazama kutoka chini, utaona kinachoguswa.

*Inaruka reli kwenye njia panda peke yake.* Gurudumu kipara la kati linadondoka pale ambapo reli imekatika. Hakikisha ekseli ya kati haiko chini kuliko nyingine hata kwa kiasi kidogo, na kama bado inadondoka, punguza mwendo unapokaribia njia panda.